Boriti haifi katikati, inafia ukutani: sakafu ya mbao ya nyumba ya mzee, Mwanza mjini

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha tangu Juni. Sasa kazi imefika mahali pa kusimulika, naomba niuweke wote. Nilipokuwa nahangaika nilitafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu boriti za mbao za zamani nikakosa. Kila nilipouliza jibu lilikuwa moja: vunja, mwaga zege.

Nyumba ni ya marehemu baba, ghorofa moja, ipo kwenye mitaa ya zamani ya katikati ya mji, zile nyumba za duka chini na makazi juu. Kuta ni za mawe zilizojengwa kwa chokaa, unene karibu sentimita 45. Sakafu ya juu inabebwa na boriti 11 za inchi 3 kwa 9, kila moja inatoka ukuta hadi ukuta futi 14, na juu yake zimepigiliwa mbao za inchi moja. Seremala mmoja mzee alikwangua kipande kwa kisu, akakinusa, akasema ni mvule. Mbao ya namna hiyo leo ukiitaka kwa saizi ile ujipange.

Dalili ilianza kwenye kabati la mama. Mtu akipita sebuleni, glasi zinalia. Kisha mama akagundua jambo jingine: limau likimponyoka jikoni linajiviringisha lenyewe mpaka ukuta wa upande wa ziwani. Naomba mlishike hilo limau, nitalirudia.

Nikaita mafundi watatu kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alitaka ang'oe sakafu yote amwage slabu. Wa pili alitaka nguzo ya zege katikati ya duka. Wa tatu alisema apigilie mbao mpya za mbili kwa sita pembeni ya zile za zamani kwa misumari ya inchi 5, siku mbili anamaliza. Wote walisimama katikati ya chumba cha chini, wakaangalia juu katikati ya boriti, wakatoa bei. Hakuna aliyesogea ukutani.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kupima mwenyewe. Ile hesabu ya slabu nitawapa ilivyo. Zege la unene wa sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba changu ni mita 4.2 kwa 6, yaani mita za mraba 25 na ushee. Hiyo ni tani 9 za zege juu ya kuta za mawe na chokaa ambazo hazikuwahi kubeba mzigo wa namna hiyo, na chini yake msingi ambao hakuna aliyewahi kuuchimbua kuuona. Sakafu ya mbao yenyewe, boriti na mbao zake zote, haifiki hata sehemu ya tano ya uzito huo. Kwa hiyo anayesema "weka slabu ndiyo imara" amekuwekea kitu kigumu juu ya kitu ambacho hajakikagua.

Sasa turudi kwenye limau. Boriti ikilegea katikati, limau linakwenda katikati ya chumba na kusimama hapo. La mama lilikuwa linakwenda ukutani. Nilivuta uzi wa mwashi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya kila boriti. Boriti nyingi zilikuwa zimeinama katikati milimita 8 mpaka 10, jambo la kawaida kwa mbao ya umri ule. Kipimo ambacho wahandisi wengi hutumia kwa sakafu ni urefu gawanya kwa 360, na kwa futi 14 unapata milimita 12 hivi. Kwa hiyo katikati zilikuwa salama. Ila nilipoweka pima maji, boriti namba 3, 4 na 5 zilikuwa zimeshuka upande mmoja, ule wa ziwani, ya 4 kwa milimita 38.

Nikabandua plasta pale boriti ya 4 inapoingia ukutani. Kwa macho ilikuwa nzuri, rangi ya kahawia iliyokolea, hata rangi ya mafuta bado imeshika. Nikachukua bisibisi nikaisukuma kwa kiganja. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Nilipoivuta ilitoka na unga wenye unyevu, na nyuma ya ile ngozi nzuri ya nje mbao ilikuwa imekatikakatika vipande vya mraba vidogo vidogo kama sukari guru iliyovunjwa. Harufu yake ni ile ya chungu kilichofunikwa kikiwa na maji siku nyingi. Inchi 14 kutoka hapo, bisibisi ileile haikuingia hata milimita 2. Mbao moja, inchi 14 tu, na tofauti ni kama ya maiti na mzima.

Ndiyo maana nasema boriti haifi katikati, inafia ukutani. Katikati ndipo inapojipinda, na macho ya kila mtu yanakwenda huko. Lakini katikati kuna hewa. Ncha ndiyo imefukiwa ndani ya ukuta usikoiona.

Nikaomba mhandisi aliyesajiliwa aje, tukaanza kazi Julai kabla ya vuli. Nitaendelea kesho, simu inaisha chaji.

Mdau, Sengerema

Asante mkuu. Mimi nyumba yangu ni ya chini lakini kenchi za zamani zina hali hiyohiyo pale zinapokalia ukuta. Swali: kwa nini hizo 3 tu zimeoza na nyingine 8 hazijaoza, wakati ukuta ni mmoja?

Mleta uzi

Swali zuri, na ndilo la kuuliza kabla hujanunua hata msumari mmoja. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji. Unyevu wa mbao ukikaa chini ya asilimia 20 hawafanyi kitu, hata miaka 100. Kwa hiyo ukiona imeoza sehemu moja, tafuta maji yanakotoka.

Kwetu yalitoka sehemu mbili. Juu ya boriti 3 hadi 5, nje, kuna kiungo cha mfereji wa bati wa paa ambacho kilikuwa kimeachia. Mvua ya upepo kutoka ziwani inaupiga ukuta ule moja kwa moja, na juu ya hapo mfereji nao unamwagia. Hilo moja lisingetosha. La pili ni kwamba miaka ya nyuma ukuta ulipigwa plasta ya saruji kwa nje, na ncha za boriti kwa ndani zikazibwa kwa saruji nzito "ziwe imara". Ukuta wa chokaa unakunywa maji na kuyatoa. Saruji ikishapasuka nywele kidogo maji yanaingia, lakini kutoka hayawezi. Ncha ya boriti ikabaki imevikwa chombo cha maji. Fundi aliyefanya hivyo simlaumu kwa nia, alitaka kusaidia, lakini aliua boriti tatu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ilikuwa mfereji. Ukibadilisha boriti ukaacha mfereji unavuja, umewapelekea kuvu chakula kipya.

Mdau, Mwanza

Na uzito je? Hapo juu walikaa wapangaji?

Mleta uzi

Walikaa, miaka 6. Jikoni walimwaga tabaka la mchanga na saruji sentimita 5 wakaweka vigae. Tabaka hilo peke yake ni zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Pembeni wakaweka tangi la lita 500, yaani nusu tani imesimama kwenye eneo la meza. Tangi lilikuwa juu ya boriti ya 4. Sikuamini nilipopiga hesabu. Niliwahi kulala chini ya tangi lile.

Tulitoa tangi, tukavunja vigae, tukazoa mchanga wote kwa ndoo. Hiyo ndiyo siku ya kwanza glasi za mama ziliacha kulia, kabla hatujagusa boriti yoyote. Wadau wenye nyumba za aina hii: kabla ya kuongeza nguvu, punguzeni mzigo. Ni bure.

Mleta uzi (mwendelezo)

Sasa kazi yenyewe. Kwanza kuegemeza. Huwezi kukata ncha ya boriti inayobeba sakafu bila kuishika kwanza. Tulitumia mirunda ya mkaratusi na jeki mbili za gari za tani 5. Mhandisi alisisitiza kitu ambacho nilikuwa nakipuuza: mrunda unashika boriti, je, mrunda unashikwa na nini? Sakafu ya duka ina vigae, ukigonga inalia vizuri. Tulitoboa sehemu tatu. Mbili tulikuta jiwe kabisa, ya tatu udongo wa kujazia, laini, kijiti kinaingia. Watu wanadhani kwa kuwa Mwanza ni mji wa mawe kila mahali chini kuna mwamba. Jiwe la jirani si jiwe lako. Pale kwenye udongo tulichimba, tukalaza vipande vinene vya mbao kwa mkatiko ili uzito utawanyike, ndipo tukasimamisha mrunda. Juu nako tuliweka mbao nene ya kupita chini ya boriti 5 kwa pamoja, ili tunapoinua moja tusiivunje jirani yake.

Kuinua ndiko kunakohitaji subira. Milimita 2 kwa siku, asubuhi tu. Unazungusha, unasikiliza, unakwenda kuangalia plasta ya juu kama imepasuka, unaacha. Mbao iliyobeba mzigo miaka mingi imeshajizoeza umbo lake, ukiilazimisha kwa siku moja inapasuka au inainua ukuta. Boriti ya 4 tuliipandisha milimita 24 kati ya 38 tukaishia hapo, kwa sababu mlango wa chumba cha mama ulianza kukwama. Sakafu imebaki na mwinamo kidogo. Mama anasema anaufahamu tangu aolewe.

Kisha tukakata. Sheria ni kukata zaidi ya pale unapoona uozo, maana uzi wa kuvu unatangulia mbele ya macho yako. Tulikata sentimita 30 ndani ya mbao nzima. Ncha mpya tulizitengeneza kwa mninga mkavu, kipimo kilekile cha 3 kwa 9.

Kwenye kuunga ndipo nilipojifunza kwa mtu ambaye sikumtegemea. Nilikwenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni, kutafuta bolti ndefu, nikamkuta mzee anatengeneza mtumbwi, anabadilisha taruma, yaani ubavu wa ndani wa mtumbwi, lililooza. Hakulitoa lote. Alikata mshazari mrefu kwenye kipande kizima, akakata mshazari uleule kwenye kipande kipya, akavilaza kimoja juu ya kingine kama viganja viwili. Nikamuuliza kwa nini asikate wima, ni rahisi zaidi. Akasema, "Ng'wanawane (mwanangu), ukikata wima maji yatavuta msumari tu. Ukilaza, mbao inashikana na mbao." Nilimpeleka mpaka nyumbani kesho yake, yeye na mhandisi wakaelewana kwa dakika tano.

Kwa boriti 3 na 5 tulitumia kiungo cha mshazari hicho, kisha tukakibana kwa vipande viwili vya mninga kila upande, urefu mita 1.2, na bolti za milimita 12. Bolti zilipangwa kwa kupishana, hazikupigwa kwenye mstari mmoja, maana mstari mmoja wa matundu ni kama karatasi iliyotobolewa ili ichanike. Tundu liwe mbali na ukingo wa mbao angalau inchi 2, na mbali na ncha angalau inchi 4. Washa kubwa, vile visahani vya chuma vya bolti, pande zote mbili. Kwa boriti ya 4, ambayo ilikuwa mbaya zaidi, mhandisi alichora chaneli mbili za chuma (vyuma virefu vya umbo la U), moja kila upande, zikipita kuanzia ukutani mpaka karibu theluthi ya urefu wa boriti.

Mdau, Ukerewe

Mkuu kwa nini usingepigilia tu mbao pembeni kama alivyosema fundi wa tatu? Wengi tunafanya hivyo na nyumba zimesimama. Halafu mimi boriti zangu huwa napaka oili chafu, mchwa hawasogei.

Mleta uzi

Nitajibu yote mawili kwa moyo mweupe.

Mbao pembeni ni njia halali kabisa ikiwa tatizo ni boriti kuwa dhaifu katikati. Ila angalia saizi. Ugumu wa boriti dhidi ya kujipinda unakwenda kwa kina kuzidisha kina kuzidisha kina: kina kikizidi mara 2, ugumu unazidi mara 8. Upana ukiuzidisha mara 2, ugumu unazidi mara 2 tu. Mbili kwa sita pembeni ya tatu kwa tisa inaongeza kidogo sana. Na kwangu mbao yake ilikuwa iishie sentimita 10 kabla ya ukuta, yaani ingeimarisha sehemu nzima na kuacha iliyooza ibebe kila kitu, pamoja na uzito wa mbao mpya. Misumari nayo inakubali kusogea kidogo kidogo, hasa mbao ikikauka. Bolti inabana.

Nguzo ya katikati pia si jambo la kudharau. Ukiugawa urefu nusu kwa nusu, kujipinda kunapungua mara 16. Lakini nguzo inahitaji msingi wake, na haiponyi ncha iliyooza.

Oili chafu: inatia mbao weusi na kuifanya ishike moto haraka, na haiingii ndani zaidi ya ngozi. Kuvu wako ndani. Kwa mbao za ndani ya nyumba tulitumia dawa ya boroni, ile ya chumvichumvi inayochanganywa na maji. Uzuri wake inafuata unyevu, kwa hiyo inazama kwenye mbao palepale penye hatari. Kasoro yake, mvua inaiosha, ndiyo maana ni ya ndani tu. Na kwa wanaonunua mbao za kijani zilizotiwa dawa kiwandani: vipande vinavyobaki msipikie. Nyingi zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Nimeona mama ntilie akipewa vipande hivyo kama zawadi na mafundi, nikamwomba avirudishe.

Mdau, mhandisi majengo, Ilemela

Uzi mzuri. Naongeza mawili. Mbao hizo za kijani zinakula msumari na bolti za chuma cha kawaida, tumieni zilizopakwa zinki. La pili ni moto. Boriti nene ya mbao ikiungua inajifunika mkaa na ndani inabaki na nguvu kwa muda. Chaneli ya chuma iliyo wazi ikifika nyuzi 550 hivi inakuwa imepoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kwa kuwa chini kuna duka, zifunikeni hizo chaneli kwa ubao wa jasi au plasta juu ya wavu.

Na tafadhali, kibali cha halmashauri kabla ya kugusa kinachobeba nyumba. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 tumeliona wote.

Mleta uzi

Shukrani mhandisi, la moto sikulijua. Chaneli tutazifunika wiki hii. Kibali tulichukua, mchoro umegongwa muhuri.

Mdau, Bukoba

Pole na kazi ndugu. Sisi tetemeko la 10 Septemba 2016 lilitufundisha kwa uchungu. Kwa mjomba boriti hazikuoza hata moja, zilichomoka tu ukutani kama droo. Hilo umelifikiria?

Mleta uzi

Ndugu yangu, poleni sana. Hilo ndilo lililonifanya nijenge upya pale panapokaliwa na boriti.

Chini ya kila ncha tulitoa mawe yaliyolegea tukamwaga kitanda kidogo cha zege, urefu sentimita 45, ili uzito wa boriti usichome jiwe moja. Juu ya zege nailoni nene ya kuzuia unyevu. Boriti inalala juu yake sentimita 12. Pembeni na mbele ya ncha tumeacha nafasi ya inchi moja, haijazibwa, hewa ipite. Wajenzi wengi mkono unawawasha wakiona uwazi huo, wanataka kuujaza saruji. Nilikaa nao siku nzima kuwazuia.

Kwa ajili ya kuchomoka, kila boriti ya pili imefungwa ukanda wa chuma bapa uliopakwa zinki, umepigwa bolti kwenye boriti, unapita ukuta mzima na kukazwa kwa nati kwenye bamba nje. Ukuta sasa unashikwa na sakafu na sakafu inashikwa na ukuta. Kama ukuta wa mjomba umebaki na boriti zake, hilo linafanyika bila kubomoa. Niandikie, nitakutumia mchoro wa mhandisi kwa ruhusa yake.

Mdau, Sengerema

Na mabomba? Fundi bomba wangu amekata mfuo chini ya boriti katikati apitishe bomba.

Mleta uzi

Mkuu, simamisha leo. Chini katikati ndipo mbao inapovutika kuliko mahali popote. Mfuo wa inchi 2 chini ya boriti ya inchi 8 umekuachia boriti ya inchi 6, na nguvu inakwenda kwa kina kuzidisha kina, kwa hiyo umebaki na zaidi kidogo ya nusu. Tundu dogo la duara kwenye nusu ya kina halina madhara hayo. Nyufa zinazofuata urefu wa mbao, za kukauka, zisikutishe sana. Ufa unaokatiza nyuzi za mbao ndio wa kuegemeza usiku huohuo.

Mleta uzi (Novemba)

Mrejesho. Vuli imeanza, wiki iliyopita imenyesha siku tatu mfululizo, na mfereji mpya haujadondosha tone. Jana nilipanda na bisibisi ileile. Kule juu, kwenye mbao za sakafu za pembezoni mwa ukuta wa ziwani, nilikuwa nimeomba ubao mmoja ufungwe kwa skrubu sita badala ya misumari, ili yeyote atakayekuja baada yangu aufungue aone ncha bila kuvunja kitu. Nikaufungua, nikaingiza mkono mpaka kwenye ile nafasi ya inchi moja. Pakavu, na kuna upepo kidogo unapita. Nikasukuma bisibisi kwenye ncha ya 4. Haikuingia.

Mama aliweka limau sakafuni. Lilisogea shubiri moja hivi, likasimama.